Maswali yenu: Mzee yuko kwenye mashine, mifupa inauma, vitamini D ipi?

Safari hii barua za figo ni nyingi mpaka nimeamua nizijibu zote pamoja, za presha na vidonda vya tumbo mtanisamehe mtangoja toleo lijalo. Na kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mfamasia siyo daktari, ingawa barua zote zinaanza na "dokta" nimeshazoea.

Shikamoo dokta. Naishi Mbagala, baba yangu ana miaka 61, figo zilifeli sababu ya presha na sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tangu mwaka jana analalamika mifupa, nyonga na visigino, akishuka kwenye daladala mpaka konda amshike mkono. Daktari alimwandikia alfakalsidoli, tukaenda famasi tukakuta bei imetuzidi. Jirani akatuambia vitamini D si ni vitamini D, Kariakoo kuna vidonge vya yuniti elfu hamsini bei rahisi, na tena kwa jua hili la Dar mzee akae tu barazani asubuhi. Tumenunua hivyo, anameza kimoja kila wiki. Ni kitu kimoja kweli? – Binti wa Mzee

Marahaba mwanangu, na mzee mpe pole. Siyo kitu kimoja, ingawa jirani yenu naye hajakosea kila kitu, ntafika hapo.

Hiyo mliyonunua Kariakoo kwa kawaida ni kolekalsiferoli, ndiyo ileile ambayo ngozi inatengeneza ikipigwa na jua. Ikiwa hivyo ilivyo mwili hauwezi kuitumia kwa mifupa, lazima ipite sehemu mbili, kwanza ini linaifanyia kazi yake alafu figo inamalizia, na kinachotoka kwenye figo kinaitwa kalsitrioli, hicho ndicho kinachofanya utumbo ufyonze kalsiamu kutoka kwenye chakula. Ichukulie kama mahindi, yanakobolewa kwanza ndo yanaenda kusagwa, sasa kama mashine ya kusaga imekufa hata ulete magunia kumi zaidi unga hupati, au utapata kidogo sana. Kwamba figo ndiyo inayomalizia hiyo kazi ilijulikana mwaka 1970, watafiti wawili wa Cambridge, Fraser na Kodicek, ndo walioonyesha, kabla ya hapo watu walikuwa wanashangaa kwanini wagonjwa wa figo wanamezeshwa vitamini D nyingi na mifupa bado inalainika.

Alfakalsidoli imetengenezwa ikiwa ile hatua ya figo tayari imeshafanyiwa kiwandani, imebaki ya ini tu, na ini la mzee nadhani liko salama. Kuna na kalsitrioli yenyewe ya kumeza, hiyo haisubiri chochote, imeshakamilika. Nchi nyingine wana parikalsitoli ambayo wanampa mtu kwenye mashine hapohapo kwa sindano. Zote hizi ziko kundi moja, mimi huwa nawaambia watu wazione kama homoni na sio vitamini ya kujiongezea, maana neno vitamini linawafanya wadhani ukizidisha hamna neno.

Angalieni hata vipimo vyake. Kile kidonge cha yuniti elfu hamsini kina mikrogramu 1,250. Alfakalsidoli inayoandikwa mara nyingi ni ya mikrogramu 0.25, kapsuli kadogo kalaini unaweza kukapoteza kwenye kiganja. Ukipiga hesabu hicho cha Kariakoo kimezidi mara 5,000 kwa uzito lakini kwa mtu ambaye figo zimekufa hako kadogo ndo kanafanya kazi. Ndo mana sipendi mtu anaponijia dirishani ananiambia nipe ile yenye namba kubwa.

Sasa kwanini mifupa iume wakati kilichoharibika ni figo, hili watu wengi hawaelezwi. Figo ikichoka inashindwa kutoa fosifeti, madini yaliyomo kwenye chakula, inajaa kwenye damu. Kalsitrioli nayo inashuka, kalsiamu ya kwenye chakula inapita tu tumboni haifyonzwi. Shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vinne vidogo, kazi yao ni kulinda kalsiamu ya kwenye damu isishuke, maana moyo na misuli vinaitegemea. Vikiona imeshuka vinamwaga homoni inaitwa PTH, na PTH inakwenda kuichota kalsiamu kwenye mifupa. Mwezi wa kwanza haina shida, lakini ikienda hivyo miaka, vile vitezi vinavimba, havisikii tena, vinachota usiku na mchana, mifupa inabaki na matundu na misuli ya mapaja inalegea, ndo hapo mtu anashindwa kuinuka kwenye kochi au kushuka daladala bila mkono wa konda. Kwahiyo alfakalsidoli anayopewa mzee kazi yake ya kwanza ni kuwaambia wale vitezi punguzeni.

Na niwe mkweli kwenu, kwamba dawa hizi zinashusha PTH hilo halina ubishi, tafiti ziko nyingi. Lakini kwamba zinapunguza watu kuvunjika nyonga, ushahidi wa kutosha haupo mpaka leo, kwahiyo mtu asiwauzie kwa kuwaambia "hii inarudisha mifupa kama ya kijana". Anapewa kwa sababu PTH ikiachwa ikimbie bila breki madhara yake yanajulikana.

Jirani hajakosea wapi? Watu wa dayalisisi, yani wanaosafishwa damu kwa mashine, wengi wanakuwa na upungufu hata wa hiyo vitamini D ya kawaida, wanashinda ndani, wengine wamefunika mwili wote, wanakula kidogo, na miongozo inaruhusu kupima kiwango chake na kurekebisha kama mtu mwingine yeyote. Kwahiyo kile kidonge kinaweza kikawa kinamfaa, ila juu ya dawa aliyoandikiwa na siyo badala yake, na lazima daktari wake ajue kwamba anakimeza. Hicho ndicho kilichonitisha kwenye barua yako, mmebadilisha dawa na hamjasema popote.

Fanyeni hivi, siku ya mashine inayokuja nenda naye, mwambie nesi ukweli wote, beba na vile vidonge. Omba wamchukue damu kabla hajaunganishwa, wapime kalsiamu, fosifeti na PTH. Kuhusu bei, uliza hapohapo kama kalsitrioli inapatikana kwa nafuu na kama bima yake inagharamia mojawapo, mara nyingi mtu anahangaika famasi za nje kumbe dirisha la hospitali lina nafuu. Na maumivu asitulizwe kwa diklofenaki za dukani, kama bado anakojoa kidogo hiyo dawa inamalizia hata kale kafigo kalikobaki.

Habari ya kazi mwanangu. Mimi ni mzee wa Magomeni, niko dayalisisi mwaka wa pili. Kwa ajili ya mifupa kila asubuhi napiga supu ya kongoro, mchana dagaa, usiku maziwa glasi mbili. Wanangu wananigombeza. Nani yuko sahihi? – Mzee wa Supu

Shikamoo mzee wangu. Samahani lakini safari hii niko upande wa wanao, tena sana.

Supu ya mifupa kalsiamu yake ni ndogo kuliko sifa inazopewa mtaani, mfupa hautoi kalsiamu kirahisi hata ukichemka usiku kucha. Maziwa na dagaa kalsiamu ipo kweli, lakini imekuja na fosifeti nyingi, dagaa ndo zaidi maana unakula na mifupa yake, na fosifeti kwako ndiyo inayoanzisha balaa lote nililomweleza huyo binti hapo juu. Mashine yenyewe inatoa fosifeti kiasi tu, masaa manne mara tatu kwa wiki haifikii unayoingiza mdomoni kila siku. Kama mwili unakuwasha usiku mpaka unajikuna na kitana basi ulizia kipimo cha fosifeti, inaweza kuwa moja ya sababu.

Ila sitaki uache kula mzee wangu, nyama na samaki unahitaji, watu wa dayalisisi wanapoteza protini. Tatizo kubwa kuliko hata dagaa ni vitu vya kiwandani. Fosifeti ya kwenye maharage mwili unafyonza sehemu tu, ya kwenye nyama na maziwa zaidi kidogo, lakini ile inayoongezwa kiwandani kwenye soseji, jibini za kupaka na soda nyeusi inaingia karibu yote. Mwambie mjukuu akusomee nyuma ya pakiti, akiona namba E338 mpaka E341 au E450 mpaka E452 hiyo rudisha kwenye shelfu. Maharage wanayakataza sana huko wodini sababu ya potasiamu, hilo kweli, lakini kwa upande wa fosifeti yanaonewa.

Alafu kuna vile vidonge vya kushika fosifeti, kalsiamu kaboneti ndo vimezoeleka kwetu, kuna na sevelameri kwa wenye uwezo. Hivi vinamezwa na chakula, yani katikati ya tonge, kwa sababu vinaikamata fosifeti tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Wazee wangu wengi wanameza usiku wakati wa kulala, tumbo liko tupu, hapo kimekamata nini? Na kama unatumia vidonge vya kuongeza damu vya madini ya chuma au antibayotiki ya siprofloxasini, usivimeze pamoja na kalsiamu vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Ile dawa nyeupe ya maji ya kiungulia yenye aluminiamu nayo achana nayo, figo ikiwa haifanyi kazi aluminiamu inajazana kwenye mifupa.

Supu ya kongoro Jumapili moja moja, kikombe kidogo, chumvi kidogo, na hesabu yake iingie kwenye maji yako ya siku. Siwezi kukunyima kila kitu.

Dada mambo. PTH yangu imetoka 340 na maabara wameweka alama kwamba iko juu, alafu daktari amenisimamishia kalsitrioli! Anasema kalsiamu imefika 2.8. Sasa si ndo mifupa itaisha? Nimeanza kufikiria niendelee kimya kimya maana vidonge vimebaki nyumbani. – Kijana wa Tabata

Poa, ila vidonge hivyo viache hapo kwenye kabati.

Kwanza hiyo alama ya maabara ni kwa mtu mwenye figo nzima. Mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandika miongozo ya magonjwa ya figo, wa 2017, kwa watu wa dayalisisi unakubali PTH iwe mara mbili mpaka mara tisa ya kikomo cha juu cha kawaida, kwahiyo kama karatasi yako inasema kikomo ni 65 basi eneo lako ni kama 130 mpaka 585. Hiyo 340 iko katikati kabisa, na wala kushusha mpaka ifanane na ya mtu mwenye figo nzima siyo lengo. Tena ikishushwa sana kuna tatizo lingine la upande wa pili, mfupa unalala, haubomolewi wala haujengwi, unabaki mkavu na unavunjika vilevile. Wanachoangalia zaidi ni mwelekeo, yani kipimo cha leo kikilinganishwa na cha mwezi wa tatu na cha mwaka jana.

Pili, hiyo 2.8 ndo habari kubwa kwenye karatasi yako, na wewe umeiruka. Maabara nyingi kikomo chao kiko kama 2.6 hivi. Kalsitrioli inafungua mlango wa utumbo kwa kalsiamu na kwa fosifeti pia, vyote viwili, vikizidi kwenye damu vinaanza kuganda kwenye kuta za mishipa na valvu za moyo, mishipa inakuwa migumu, na watu wa figo tunawapoteza zaidi kwa moyo kuliko kwa mifupa. Dalili zake ni kichefuchefu, choo kigumu, kiu, kuchanganyikiwa, lakini mara nyingi huoni kitu kabisa mpaka kipimo kiseme. Daktari wako hajakuacha, amefanya kile kinachotakiwa, na uzuri wa kalsitrioli haikai mwilini muda mrefu, ndani ya siku chache inakuwa imeshatoka na kalsiamu inashuka.

Ungemuuliza haya, je vile vidonge vya kalsiamu kaboneti navyo vipunguzwe, maana navyo vinaongeza, na kalsiamu ya kwenye maji ya mashine ikoje. PTH ikija kupanda sana wakati kalsiamu bado iko juu kuna sinakalseti ambayo inatuliza vile vitezi bila kupandisha kalsiamu, bei yake siyo ya kitoto lakini ipo, na vikigoma kabisa kuna upasuaji wa kuvitoa. Hujafika huko.

Dokta mimi figo zangu ziko hatua ya tatu, sijaanza mashine. Nianze alfakalsidoli mapema nikinge mifupa? – Mama Kimara

Hapana mama. Watu walikuwa wanafanya hivyo zamani, lakini KDIGO 2017 wamesema mtu ambaye hajafika dayalisisi asipewe kwa mazoea, iachwe kwa wa hatua ya nne na ya tano ambao PTH inapanda sana na inaendelea kupanda. Zilifanyika tafiti mbili za parikalsitoli kwa watu kama wewe wakitegemea moyo utanufaika, haukunufaika, na kalsiamu zikapanda. Hata kwa walioko dayalisisi, Wajapani walijaribu alfakalsidoli kwa watu 976 ambao PTH zao hazikuwa juu, matokeo yakatoka 2018, kwa moyo hakuna faida. Wewe pambana na presha na sukari, pima vitamini D ya kawaida kama daktari ataona inafaa, tembea jioni.

Pole na majukumu dokta. Nilipandikizwa figo, namshukuru Mungu naendelea vizuri, natumia prednisoloni na dawa nyingine. Nilidhani mambo ya mifupa yameisha lakini wamenipa tena vitamini D. Figo mpya si inatengeneza yenyewe? – Dada wa Kigamboni

Hongera sana! Tangu Muhimbili wapandikize figo ya kwanza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata Machi 2018, barua kama yako zimeanza kunifikia na kila nikiipata nafurahi.

Uko sahihi, figo mpya inasaga yenyewe. Lakini kuna mambo mawili. Vile vitezi vya shingoni vilishazoea kupiga kelele miaka yote uliyokuwa kwenye mashine, havinyamazi siku moja, vingine vinaendelea mwaka mzima na zaidi, na ndo mana wengine baada ya kupandikizwa kalsiamu inapanda badala ya kushuka. La pili ni prednisoloni, hiyo inazuia mfupa usijengwe, na mifupa inapotea kwa kasi zaidi ile miezi ya mwanzo ambapo dozi yake iko juu. Usije ukaiacha kwa sababu nimesema hivyo! Ukiiacha mwenyewe unaweza kuipoteza figo.

Kwa sababu figo yako sasa inafanya kazi, hiyo kolekalsiferoli ya kawaida ambayo nilimkatalia binti wa Mbagala isiwe badala ya dawa, kwako ina maana. Kuna utafiti wa Ufaransa uliotoka 2023, watu zaidi ya 500 waliopandikizwa, nusu walipewa dozi za yuniti 100,000 na nusu za 12,000. Kwenye kisukari, moyo, saratani na vifo hakukuwa na tofauti, lakini waliovunjika mifupa walikuwa asilimia 1 kwa dozi kubwa na 4 kwa dozi ndogo. Waliovunjika walikuwa wachache pande zote kwahiyo mimi siwezi kuapa kwa utafiti huo mmoja, ila nikiwa wewe ningemeza bila manung'uniko. Jua la asubuhi sawa, lakini lile kali jifunike, dawa zako za kushusha kinga zinaongeza saratani ya ngozi.

Dokta, mama yuko dayalisisi na alivunjika mkono kwa kujikwaa tu. Kaka yuko Marekani anasema kuna sindano ya mifupa inachomwa kila miezi sita, anataka kuituma na mtu. Tumchome? – Wa Sinza

Msimchome. Sindano ya kila miezi sita anayosema nadhani ni denosumabu, ni dawa nzuri kwa bibi mwenye figo nzima, lakini Januari 2024 mamlaka ya dawa ya hukohuko Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote kwa watu wenye figo zilizofeli hasa wa dayalisisi, maana kalsiamu inaweza kuporomoka mpaka mtu akalazwa au akafa. Sindano ghafla inazuia mifupa isiachie kalsiamu, na mama hana kalsitrioli ya kutosha kuivuta kutoka kwenye chakula, kwahiyo damu inabaki haina pa kuipata. Wapo madaktari wa figo wanaoitumia, lakini kwa kupima PTH kwanza, kuhakikisha vitamini D na kalsiamu ziko sawa, alafu damu inapimwa mara kwa mara wiki za mwanzo. Mwambie kaka ahsante, hiyo hela aitume kama ilivyo, mumpimie mama PTH, fosifeti na kalsiamu wiki hii, na siku mnayoenda kliniki mchukue na ile picha ya eksirei ya mkono.